Nimeangalia The Texas Chainsaw Massacre: The Beginning, na hasira bado hazijaisha

Nani aliwaomba? Nawauliza watengenezaji wote wa muvi za kutisha ambao hawawezi kuacha jini likae gizani, lazima warudi nyuma kutueleza lilizaliwa wapi, lililelewa na nani na nani alilicheka utotoni. Sisi tulishaogopa. Tulishalala taa zikiwaka. Maelezo ya nini tena?

Ambaye hajaiona na anataka kuiona aishie hapa, maana nitamwaga kila kitu, kama wao walivyomwaga.

Hii ni ile ya 2006, iliyotoka baada ya ile ya 2003 lakini hadithi yake inatangulia. Ile ya 2003 niliipenda mno. Mwaka 1973, Texas, joto kali, vijana wanaangukia mikononi mwa familia ya Hewitt: sherifu mwenye mdomo mchafu, mzee asiye na miguu kwenye kiti cha magurudumu, na lile jitu Leatherface lenye sura ya ngozi ya mtu na msumeno wa moto mkononi. Hakuna aliyekwambia kwa nini wako hivyo, na ndiyo maana kwa muda mrefu sikuweza kutoka uani usiku peke yangu.

Sasa wamekuja kunifafanulia. Eti mwaka 1939 mwanamke anajifungua sakafuni pale machinjioni, anakufa palepale, kichanga kinatupwa jalalani na kuokotwa na Luda Mae, wa familia hiyo ya Hewitt, aliyekuwa akichokoachokoa takataka. Miaka thelathini mbele machinjio yanafungwa, kichanga yule, sasa ni Leatherface mtu mzima, anaambiwa kazi hakuna, anampondaponda bosi wake kwa nyundo, na msumeno anaukuta hapohapo. Kwa hiyo ni kukosa kazi? Huku kwetu si tungekuwa tumeshamalizana wote.

Na kuanzia hapo muvi inakwenda kama karani anayejaza fomu. Sare ya sherifu ilitoka wapi? Charlie Hewitt alimuua sherifu halisi akavaa nguo zake na jina lake, weka tiki. Sura ya ngozi? Ilichunwa kwa kijana Eric juu ya meza chini ya nyumba, tiki. Kula watu? Charlie alikuwa mateka vita vya Korea, huko ndiko alikojifunzia, tiki. Miguu ya mjomba Monty? Kapigwa risasi, Leatherface kaitwa akate mguu, kakata, halafu kakata na wa pili. Hapo nilicheka kwa sauti. Nikajichukia kwa kucheka, nikairudisha nyuma, nikacheka tena. Lakini mimi sikuwahi kukaa nikijiuliza miguu ya Monty ilienda wapi! Yule mzee alitisha kwa sababu ulikuwa hujui.

Haya, niseme na la haki, nisije nikaambiwa nina chuki. R. Lee Ermey, anayecheza huyo sherifu wa uongo Hoyt, ni balaa. Marehemu alikuwa mkufunzi kweli wa wanamaji wa Marekani kabla ya kuingia kwenye sinema, na Vietnam alifika, kwa hiyo akimfokea mtu unasikia ni kazi aliyoifanya, si maigizo. Hadithi yenyewe ni 1969. Kaka mtu, Eric, anarudi Vietnam kwa mara ya pili na anataka kwenda na mdogo wake. Mdogo mtu, Dean, hataki, anachoma kadi yake ya kuitwa jeshini. Wanakamatwa na Hoyt, kadi iliyoungua inaonekana, na Eric anadai ni yake ili mdogo wake apone. Halafu Hoyt anaanza kumpigisha Dean pushapu kwenye vumbi, anamhubiria uzalendo huku akimtandika. Nilisahau kula. Mwoga wa vita anaadhibiwa na mla watu kwa kukosa uzalendo! Wangeachia hapo, wakabaki na wale ndugu wawili na Hoyt, ningesema ni muvi bora kuliko ile ya 2003. Nasema kweli. Pengine bora kuliko zote.

Wakaiacha, wakakimbilia damu.

Mimi damu siiogopi, jamani. Lakini muvi ya kwanza kabisa, ya Tobe Hooper ya 1974, damu yake ni kidogo mno. Watu wanaapa waliona ndoano ya kutundikia nyama ikimwingia dada mmoja mgongoni. Hakuna aliyeona, kamera haikuonyesha, ni akili zao wenyewe zilizochora. Hii ya 2006 inakuchorea yote na kukuchomekea puani. Wakaguzi kule Marekani waliwalazimisha kupunguza ndipo ikaruhusiwa kuingia kumbi za kawaida, kisha isiyopunguzwa ikauzwa kwenye diski. Kijana anayeniwekea muvi kwenye flashi kanipa hiyo isiyopunguzwa bila kuniuliza. Nilipokwenda kulalamika akaniangalia hivi: "Dada, si ulisema unataka ya kutisha? Au nikuwekee katuni?" Mbele ya wateja wengine! Sijamjibu. Nilikuwa na jibu zuri sana lakini lilinijia nimeshafika nyumbani.

Sasa siti ya nyuma. Hapa ndipo nilipotaka kuvunja rimoti.

Chrissie, mpenzi wa Eric, anayechezwa na Jordana Brewster (ndiyo, Mia wa Fast & Furious), amepona. Rafiki zake wote wamekufa, mpenzi wake amekufa, yeye amepata gari na yuko barabarani usiku. Mbele anaona taa za polisi, amemsimamisha mtu. Unapumua. Mara, kutoka siti ya nyuma, jitu lile linainuka na kumchoma kwa msumeno kupitia kwenye kiti. Gari linawafagia askari na yule aliyesimamishwa. Kwisha.

Aliingiaje? Jitu la ukubwa ule, kwenye gari lile, na dada mwenye hofu kiasi kile hakusikia hata pumzi? Shemeji yangu anapasua mbao Mafinga, nikampigia kumuuliza. Akaniambia msumeno wa petroli unauweka chini, unaukanyaga, unavuta kamba, haukubali, unavuta tena, na kiwiko kinahitaji nafasi. Na harufu ya petroli ndani ya gari lililofungwa utaipata hata ukiwa na mafua. Akamalizia, "Shem, hivi mnaangaliaga vitu gani huko?" Sawa. Ila jibu nimelipata: haiwezekani.

Ninajua kwa nini walifanya hivyo. Familia ya Hewitt lazima iwepo 1973, na lazima asiwepo hata mmoja wa kwenda kutoa taarifa, kwa hiyo wote walikuwa maiti tangu dakika ya kwanza. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua stelingi hafi. Kumuua stelingi ni ujasiri, na ukinibana nitakubali kwamba ule mwisho ulinikaa kichwani siku kadhaa. Lakini muue kwa haki! Mwache akimbie, ashindwe, tuone anavyoshindwa. Kumtoa muuaji nyuma ya kiti kama mazingaombwe ni wizi. Muongozaji Jonathan Liebesman ni mzaliwa wa Johannesburg, mtoto wa bara hili, na nilitaka sana nimtetee. Nimeshindwa.

Watazamaji wenzangu wamegawanyika, na wote wananiudhi. Kuna wanaosema hii ndiyo ya kweli kwa sababu haina huruma, asiyeipenda ana roho ya kuku. Kuna wanaosema ni mateso matupu ya enzi zile za Saw na Hostel, haina hadithi. Hawa wa pili wamelala usingizi kwenye zile pushapu. Na kuna wale wa "lakini ni kisa cha kweli". Hakuna kisa cha kweli! Aliyewapa wazo ni Ed Gein, wa kule Wisconsin, aliyekamatwa 1957, aliyefukua makaburi na kushona vitu kwa ngozi za maiti. Si Texas, hakuwa na ukoo wa wauaji, wala msumeno wa moto hakuutumia.

Nyota? Nilianza na moja kati ya tano. Nikikumbuka Eric anavyosema kadi ni yake, nataka kutoa nne. Nikikumbuka lile gari, natoa sifuri na namdai Liebesman pesa ya vocha niliyompigia shemeji. Basi mbili na nusu. Mbili ni za Ermey peke yake, ile nusu ni ya Jordana Brewster, aliyelia kama mtu aliyefiwa kweli. Leatherface hana hata robo.