Rejista nzuri, dirisha baya: kutafuta akti za kuzaliwa Lubumbashi

Mzazi wa Lubumbashi anayetafuta akti (cheti cha kuzaliwa) ya mtoto aliyekwisha kukua anaweza kuipata mwenyewe, bila mtu wa kumpitisha. Chumba cha rejista cha komini (manispaa) tuliyokwenda mimi na mdogo wangu kinafanya kazi vizuri kuliko kinavyosemwa mtaani. Kinachoharibu sifa ya ofisi nzima ni dirisha la mbele. Jina la komini naliacha.

Mimi ni sekretere wa shule ya msingi huku Katuba, na kila mwaka wazazi wananiletea karatasi ya maternite (hospitali ya uzazi) wakisema ndiyo akti. Siyo. Karatasi ile inaeleza tu mtoto alizaliwa wapi, siku gani, saa ngapi. Akti inatoka kwa ofisa wa eta sivili (uandikishaji wa raia) wa komini, nayo ndiyo leta (serikali) inayoitambua. Sheria ya familia ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bila kulipa kitu. Zikipita, lazima upitie kwanza kwa hakimu.

Mdogo wangu alishuka kutoka Kolwezi na kesi zote mbili mkononi. Mtoto wa kwanza aliandikwa mwaka 2009, ila karatasi yake ililowana na mvua hadi mhuri ukafutika. Wa pili, msichana, hakuwahi kuandikwa.

Tuanze na dirisha. Ukutani hakuna bei, hakuna orodha ya karatasi zinazotakiwa, hakuna chochote cha kumwongoza mtu aliyefika mara ya kwanza. Kwa hiyo habari zinauzwa nje. Kijana wa fotokopi alitufuata hadi mlangoni: "Mama, huko ndani bila motivasyo (hongo) hamtapita, mnipe mimi niwapeleke." Tukapita peke yetu. Dirishani mama mmoja alitutajia bei bila kuandika popote. Nilipomwomba risiti, kwa heshima kabisa, ikashuka palepale. Hili linaniuma, kwa sababu mama muuza mboga aliyesimama nyuma yetu hakujua kama risiti inaombwa, na yeye alilipa ile bei ya kwanza.

Chumba cha rejista ni habari nyingine. Papa (mzee) anayekitunza aliuliza mambo mawili tu: mwaka, na namba ya akti kama tunayo. Kwenye ile karatasi iliyoharibika namba ilikuwa bado inasomeka, pamoja na volumu (kitabu) na folio (ukurasa). Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya 2009, akashusha kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akafunua taratibu kwa sababu kingo za kurasa zimeanza kulika. Folio imeandikwa kwa namba za Kirumi. Chini yake ni Kifaransa kilekile cha akti zote: mwaka kwa maneno, siku, saa, mbele yetu sisi ofisa wa eta sivili amefika fulani. Wino bado mweusi. Sahihi ya shemeji yangu ipo pale chini, alivyoiweka yeye mwenyewe.

Kisha yule papa akafanya jambo ambalo ningependa kila ofisi ilifanye. Kabla ya kuandika nakala aliweka rula chini ya mstari na kutusomea jina, postnomu na prenomu, yaani majina yote matatu, herufi kwa herufi, akatutaka tulinganishe na buletini (ripoti) ya shule. Buletini ilisema Muamba. Rejista inasema Mwamba. Akatueleza kwamba yeye hana ruhusa ya kugusa hata herufi moja. Kosa la kwenye rejista linarekebishwa kwa hukumu ya tribinali (mahakama). Hapa rejista ilikuwa sahihi na shule ndiyo iliyokosea, kwa hiyo ni shule inayobadilisha. Tungetoka bila kusomewa, tofauti hiyo ingejitokeza siku ya diploma au ya paspoti, na hapo gharama ni nyingine.

Kwa msichana tulikwenda tribinali ya watoto, ile iliyoanzishwa na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009. Huko bei imebandikwa ukutani na grefye (karani wa mahakama) anatoa risiti kabla hujaiomba. Unaandika barua ya ombi, unaambatanisha karatasi ya maternite kama ipo, unakuja na mashahidi. Hakimu aliongea na mdogo wangu kwa Kiswahili, akamuuliza nani alimzalisha na kwa nini hawakwenda komini mapema. Akamsikiliza jirani aliyekuwepo siku ile. Maswali mafupi, bila kumtisha mtu. Kungoja ni kurefu, na viti ni vichache kwa kina mama wenye watoto mgongoni.

Ninachotaka wazazi wakishike ni kinachofuata, maana wengi wanaishia hapo. Hukumu haijawa akti. Unachukua pia cheti cha kuonyesha kwamba hakuna aliyekata rufaa, unarudi na vyote viwili komini, ofisa anainakili hukumu kwenye rejista, ndipo mtoto anapata akti yake. Kwenye kabati langu shuleni kuna mafaili yenye hukumu peke yake, za watoto ambao mpaka leo hawamo kwenye rejista yoyote.

Mkiwa na akti nzuri nyumbani, ipigeni picha leo na muandike pembeni namba, volumu, folio na mwaka. Mama mmoja tuliyemkuta hakuwa na namba wala hakuwa na hakika ya mwaka, na yule papa alikuwa bado anamfunulia ukurasa kwa ukurasa tulipoondoka.

Nendeni asubuhi. Umeme ukikatika mashine za fotokopi zinalala, na dirisha halipokei faili bila kopi. Na bugumesta (mkuu) wa komini ile, kama haya yatamfikia, abandike bei ukutani pale mbele, kwa Kiswahili, mahali ambapo mama wa mboga ataisoma kabla hajafungua kitambaa chake cha pesa.