Numista kwa wenye sarafu za kizamani za Ulaya, mi naipa nyota nne

Kama kwenu kuna kopo la sarafu za mzee na hujui hata moja ni ya wapi, ingia Numista. Ni katalogi ya bure mtandaoni, inajazwa na wakusanyaji wenyewe kutoka kila kona, na kwa sarafu za Ulaya sijaona ya kuishinda.

Unajua tabu ya zile za zamani ni kwamba jina la nchi mara nyingi hulioni. Mswisi kaandika HELVETIA, wa Ufini SUOMI, nyingine ni Kilatini kimekatwakatwa, yani unasoma herufi zote na hutoki na kitu. Sasa pale unaandika hayo hayo maneno kama yalivyo, unaongeza mwaka, uzito na upana, zinakuja chache unalinganisha picha. Tafuta mzani mdogo kama wa masonara, bila hivyo utazunguka sana.

Mi nimeitumia zaidi kwa zilizofika huku kwetu. Heller za Mjerumani, yani chenji ya enzi zake huku, zile zilizoandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA (Afrika Mashariki ya Kijerumani), zina kaherufi kadogo ka kuonyesha zilipigwa wapi, A ni Berlin, J ni Hamburg, wengi hawakaoni kabisa na ndo kanaweza kubadilisha bei. Ukikuta T hiyo ni Tabora 1916, vita ya kwanza ya dunia, Mwingereza kaziba bahari, Mjerumani kaishiwa chenji akaanza kufyatua mwenyewe kwenye karakana ya reli. Za heller 20 zipo nyingi tu usipagawe, ya kutolea macho ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo.

Afu kuna reale, ile kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria wa zamani, Unguja na Oman ilitembea sana. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki huyo mama, ila zimeendelea kupigwa na mwaka huo huo Vienna, London, Roma, Bombay, na Vienna mpaka leo wanapiga! Kwa hiyo mtu akikwambia ni ya miaka mia mbili na ushee kwa sababu ya mwaka tu, cheka. Kuna app moja ya kupiga picha iliniambia hivyo hivyo na bei ya kuota juu. Pima kwanza, iwe gramu 28 na kidogo, na ukingoni isomeke IUSTITIA ET CLEMENTIA.

Nyota moja nimebana kwa sababu hakuna Kiswahili, afu katalogi inakwambia kitu ni nini, haikwambii kama chako ni feki, hiyo mpelekee mtu aishike mkononi. Na bei za pale ni makadirio, sarafu uliyoisugua na majivu ing'ae usitegemee kuipata hiyo bei, wakusanyaji hawataki iliyosuguliwa.

Pia unaweza kubadilishana na watu wa nje, mi sijajaribu, kutuma heller moja Ulaya nauli inaizidi heller yenyewe.