Kifurushi cha afya kazini: vipimo safi, ushauri nasaha safi, hayo mengine mniachie

Naandika hii kwa wale ambao kampuni zao ziko mbioni kununua hizi huduma za afya na ustawi wa wafanyakazi, maana matangazo ni mengi na wanaoandika sana ni wauzaji wenyewe, sisi watumiaji tunaishia kunong'onezana kwenye korido. Kwetu mwajiri alichukua kifurushi kizima: apu ya simu, siku ya vipimo, laini ya ushauri nasaha, semina za mtandaoni za kupunguza stresi, na yale madawati ya kupanda na kushuka, ya kufanyia kazi umekaa au umesimama, kwa wachache waliobahatika. Mtoa huduma simtaji, na kwa nilivyoulizia kwa jamaa wa kampuni nyingine vifurushi vyenyewe vinafanana tu, kinachobadilika ni rangi ya nembo.

Kwa wenye haraka: vipimo na laini ya ushauri vina maana, apu ni vichekesho, semina hamna kitu, na kile ambacho kingetusaidia kuliko vyote hakimo kabisa kwenye kifurushi, nitakifikia.

Nianze na apu maana ndo inayopigiwa debe. Inahesabu hatua, inakuuliza umelala saa ngapi, inakukumbusha kunywa maji, afu kila asubuhi inakuletea visura vitano uchague leo unajisikiaje. Hapo kwenye visura ndo pana mambo. Idara nzima tumenuna kwa jinsi kazi zilivyotubana lakini kwenye apu wote tuko kwenye kile kisura kinachocheka, maana hakuna mwenye uhakika kama bosi anaona au haoni, na nani atabonyeza kisura cha huzuni kipindi ambacho mikataba inapitiwa? Kwa hiyo ikitoka ile ripoti yenye michoro mizuri kwamba morali ya wafanyakazi iko juu, mjue ilivyopikwa.

Afu kuna mashindano ya hatua. Lengo ni 10,000 kwa siku, ukifika simu inakupigia makofi, usipofika inakuambia usikate tamaa kana kwamba kuna mtu alikuwa amekata tamaa. Wengi wanadhani hiyo namba imetoka kwa madaktari, kumbe asili yake ni kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960, mara tu baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, namba ikanoga kwenye tangazo ikabaki mpaka leo. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2019 uliofuatilia wanawake wenye umri wa miaka 70 hivi, wakakuta waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku vifo vyao vilikuwa vichache wazi kabisa kuliko waliotembea 2,700, na faida ikazidi kupanda mpaka kwenye 7,500 hivi halafu ikatulia. Sawa, wale ni kina bibi, ila kwa mtu anayeshinda kitini kumwambia "ongeza kidogo" kuna faida kuliko kumwambia kila jioni kwamba hajafika. Hata Shirika la Afya Duniani kwenye mapendekezo yake ya 2020 halikuweka lengo la hatua, linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani kutembea haraka haraka kunahesabika, na tena wanasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Na haki yenyewe kwenye mashindano haipo. Vijana wa stoo wanazunguka kutwa nzima, wanashika nafasi za juu kila mwezi bila hata kujua kuna mashindano, wahasibu wako mkiani milele. Dada mmoja wa uhasibu nilimwona kwa macho yangu kwenye kikao, mkono mmoja chini ya meza unaitikisa simu taratibu, uso uko siriazi anamsikiliza meneja na kuitikia kwa kichwa, na kweli jioni alikuwa kapanda. Sasa hapo nani kapata afya? Wajawazito na wenye shida za miguu ndo usiseme, kwao lile jedwali ni la kuwaumbua tu.

Siku ya vipimo ni stori tofauti na hapa nawapa sifa zao, ingawa walianza vibaya. Mara ya kwanza walipanga meza ukumbi wa juu, watu tunapanda ngazi kwa haraka ili turudi kazini, unafika unahema, unakaa, palepale unafungwa mkanda wa presha juu ya shati la mikono mirefu huku nesi anakuuliza tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Presha ya namna hiyo inadanganya. Ikipimwa vizuri unakaa kimya kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili iko sakafuni haijapishana, mkono umelala kwenye meza usawa wa moyo, mkanda uko kwenye ngozi yenyewe, hamna kuongea, na nusu saa kabla ya hapo hujanywa kahawa wala kuvuta sigara. Hata mkojo ukikubana presha inapanda. Awamu iliyofuata alikuja nesi mwingine, mama mtu mzima hivi, yeye kwanza alituhamishia chumba cha chini, akaweka viti pembeni kwamba huku mtu anapumzika kwanza hakuna kuharakishana, kila mtu alipimwa mara mbili, na ukijaribu kupiga stori anakuangalia tu mpaka unyamaze. Watu kadhaa ambao mara ya kwanza waliambiwa wana presha walikutwa wazima, na wengine ambao hawakuwa na dalili yoyote walikutwa wako juu ya 140/90 mara zote mbili. Presha ndo ilivyo, haiumi, haiwashi, unaweza ukaishi nayo miaka hujui mpaka siku inakuangusha, kwa hiyo kwa hili peke yake mimi nasema kifurushi kina thamani. Jamaa mmoja wa kwetu alipewa barua ya kwenda kliniki, akarudiwa kupimwa siku nyingine kama inavyotakiwa, sasa hivi yuko kwenye dawa na anatusumbua sisi wote tupunguze chumvi.

Kasoro zipo. Mizani waliiweka mlangoni na kijana anasoma kilo kwa sauti ili mwenzake aandike, jamani. Kile kipimo cha BMI, yaani kilo zako gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo, nacho walikitoa kama hukumu ya mahakama, wakati hakijui kutofautisha misuli na mafuta, yule mlinzi wetu anayebeba vyuma aliambiwa ana uzito wa kupindukia akabaki anajishangaa. Na watu wa zamu ya usiku walisahaulika kabisa, vipimo mchana, wao wamelala, wakati kama kuna kundi lililostahili kutazamwa kwanza ni wao.

Laini ya ushauri nasaha sikuitegemea lakini ndo iliyonishangaza. Unapiga, unatoa namba ya siri ya kampuni, jina lako sio lazima. Anayepokea mwanzo anasoma kwenye karatasi unasikia kabisa anasoma, vumilia hapo, ukipita unaunganishwa na mshauri mwenyewe na huyo ni mtu wa kazi. Mimi nilipiga kipindi nimefiwa na nimerudi ofisini mapema kuliko nilivyopaswa, na kilichonisaidia ni kwamba ninayeongea naye hanijui, hamjui bosi wangu, hatakutana na mimi kantini. Ubaya ni vikao vinavyolipiwa ni vichache, unaanza kufunguka ndo unaambiwa vimeisha, ukitaka endelea kwa hela yako. Ushauri wangu pigeni kwa simu zenu binafsi mkiwa nje ya ofisi, sio kwamba wanasikiliza, ila kuta za ofisi mnazijua.

Semina sina mengi. Mkufunzi mchangamfu anatuambia tuvute pumzi, huku kwenye simu zinamiminika meseji za "ile ripoti iko wapi". Chuo Kikuu cha Oxford kilitoa utafiti 2024 uliotumia majibu ya wafanyakazi zaidi ya 46,000 wa Uingereza, wakalinganisha walioshiriki mambo kama haya ya apu, mafunzo ya kuhimili stresi na kutuliza akili na wale ambao hawakushiriki, ikaonekana walioshiriki hawana nafuu yoyote ya maana. Na ule wa Chuo Kikuu cha Illinois Marekani ndo unafurahisha zaidi maana waligawa watu karibu 5,000 kwa bahati nasibu, wengine wakaingizwa kwenye programu wengine wakaachwa, baada ya mwaka gharama za matibabu zile zile, kwenda jimu kule kule, kilichoongezeka ni watu kupima afya zao. Tena waliojitokeza kujiunga wengi walikuwa tayari ni watu wa afya nzuri na mazoezi. Ndo hivyo hivyo kwetu, wanaojaa kwenye semina ya mazoezi ni wale wale wanaokimbia kila alfajiri.

Madawati ya kusimama: mazuri ukibadilisha mkao, mara umekaa mara umesimama, ukisimama kutwa nzima unahamisha maumivu kutoka mgongoni kwenda miguuni. Kwa walio wengi ambao hawakupata, fundi alipita akatuinulia skrini mpaka ukingo wa juu ukawa karibu na usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooka, akashusha viti mpaka nyayo zikagusa chini. Bure kabisa hiyo, na shingo yangu inamshukuru.

Sasa kile kisichomo: jinsi kazi yenyewe inavyopangwa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London, wakakuta makondakta waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi kutwa wanapata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Kondakta hakuwa na apu, kazi yenyewe ndo ilimtembeza. Baadaye tafiti za watumishi wa serikali hapo hapo London, zile za Michael Marmot, zikaonyesha kadiri cheo kinavyoshuka ndivyo ugonjwa wa moyo unavyoongezeka, na jambo moja lililotajwa sana ni kutokuwa na usemi juu ya kazi yako mwenyewe. Na 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani wakasema wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 wakilinganishwa na wa saa 35 mpaka 40. Sasa we niuzie apu ya kulala vizuri halafu zamu yangu unaibadilisha usiku kwa meseji, hiyo apu itafanya nini?

Mkuu wa idara ya jirani yetu, bila kifurushi wala mkufunzi, alifanya vitu viwili tu: ratiba ya zamu inatoka mapema na mtu anaruhusiwa kubadilishana na mwenzake bila kuomba ruhusa ya watu watatu, na baada ya saa za kazi hatumi meseji, akikumbuka kitu anakiandika pembeni mpaka kesho. Watu wanaomba kuhamia kule.

Kwa hiyo mkiambiwa kampuni inataka kununua, msikatae, ila ulizeni taarifa zetu za kiafya zinakaa wapi na HR (idara ya rasilimali watu) wanaona nini hasa, jina kwa jina au jumla tu, aliyekutwa na tatizo anafuatiliwa na nani baada ya meza kukunjwa, zamu ya usiku watapimwa lini, na vikao vya ushauri ni vingapi kwa mtu. Muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye hilo la taarifa, mwambieni mwajiri achukue vipimo na ushauri tu, hela ya apu anunulie viti.

Nyota nampa 3 kati ya 5, zote ni za yule nesi na mshauri wa kwenye simu. Mkataba unakaribia kuisha na HR wametutumia fomu tutoe maoni kama tuendelee nao, wameandika kwa herufi kubwa kwamba majibu ni siri, na swali la kwanza kwenye fomu ni jina kamili na namba ya mfanyakazi.