Shimano PD-M520 kwenye fiksi: pedeli za kwanza za kunasa

Baiskeli yenye friwili, yaani inayoendelea kwenda hata ukiacha kupiga pedeli, inasamehe. Umekosa kuingiza kiatu kwenye pedeli? Unaacha kupiga, unatafuta, unaingiza. Fiksi, baiskeli ya gia moja isiyo na friwili, haina nafasi hiyo: gurudumu la nyuma likizunguka, kranki (mikono inayobeba pedeli) nazo zinazunguka. Chukua meno 48 mbele na 17 nyuma, gurudumu la mzingo wa takriban mita 2.1. Ukienda kilomita 30 kwa saa, kranki zinazunguka mara 84 kwa dakika. Mguu ukichomoka hapo, pedeli inarudi na kukupiga muundini kabla hujainama kuitazama.

Ndiyo maana pedeli za fiksi hazipimwi kwa uzito kwanza. Zinapimwa kwa urahisi wa kuingia zikiwa mwendoni, na kwa kushika pale unapovuta mguu juu kwa nguvu ili kupunguza mwendo. PD-M520, pedeli ya Shimano inayonasa kliti (kipande cha chuma kinachofungwa chini ya soli ya kiatu), inafaulu yote mawili. Jozi ni kama gramu 380, mtego unaonasa kliti upo pande zote mbili, na umbo lake dogo haligusi lami upesi kwenye kona, jambo la maana maana huwezi kuacha kupiga pedeli ukikata kona.

Pedeli za barabarani za SPD-SL, zile ambazo kliti yake hufungwa kwa boliti tatu, ni nzuri mahali pake, lakini mtego uko upande mmoja. Kwenye fiksi utakuwa unafukuzana nao kwa ncha ya kiatu. PD-EH500, pedeli nyingine ya Shimano, yenye upande mmoja bapa inamvutia anayetaka kuvaa raba siku nyingine; kasoro ni ileile. Eggbeater za Crank Brothers huingia pande nne, hapo sina neno. Ila springi yake hairekebishwi, na kliti zake za shaba nyeupe huisha haraka kuliko za chuma za Shimano. Hizo ni za jozi ya pili.

Kliti ndipo wengi wanapopotoshwa. M520 huja na SH51, inayoachia ukigeuza kisigino pembeni. Mgeni huambiwa anunue SH56, kwa kuwa inaachia hata kwa kuvuta juu kwa pembe. Kwa baiskeli ya milimani, sawa. Kwenye fiksi kuvuta juu ndiyo breki yako ya miguu, na kliti itakuachia katikati ya kazi. Baki na SH51, ulegeze springi badala yake: skrubu nne, mbili kila pedeli, kwa spana ya L ya milimita 3. Anza karibu na mwisho wa kulegea, kisha ongeza "tik" mojamoja ukiona mguu unatoka bila kuambiwa. Hesabu iwe sawa kwa zote nne.

Kufunga pedeli: ya kulia hukazwa kufuata saa, ya kushoto kinyume chake. Paka grisi, anza kwa vidole mpaka uzi (mikato ya skrubu) ushike vizuri, kisha kaza Nm (nyutoni-mita) 35 hadi 55. Ukianza na spana na uzi ukapishana, kranki ya alumini imekwenda. Kranki za kipande kimoja huwa na tundu la nusu inchi. Hizi ni za inchi 9/16, hazitaingia.

Viatu viwe vya boliti mbili, soli ngumu. M520 ina eneo dogo, na soli laini utausikia mtego wote chini ya unyayo. Kliti ikae chini ya kifundo cha kidole gumba au nyuma yake kidogo, lakini pima kwanza: kalia baiskeli, kranki ikiwa mbele sambamba na ardhi, geuza usukani. Kiatu kikigusa tairi, sogeza kliti kuelekea vidoleni, nacho kiatu kitarudi nyuma. Fremu fupi za fiksi huwa na tabia hiyo, nayo hukuangusha kwenye mwendo wa kutembea.

Kuondoka: nyanyua nyuma kwa kushika tandiko, zungusha kranki mpaka pedeli ya mguu wa kwanza iwe mbele juu, ingiza. Mguu wa pili ufuate mzunguko mmoja juu ya pedeli, kisha ukandamize inapoanza kushuka. Kutoka: geuza kisigino nje mguu unapopita chini kabisa, ukiwa bado unasonga. Ukisubiri baiskeli isimame umechelewa. Na breki ya mbele ibaki, hata ukijiona fundi wa kufunga gurudumu la nyuma kwa miguu na kuteleza.

Boliti za kliti: grisi, spana ya L ya milimita 4, Nm 5 hadi 6, na kaza tena baada ya safari ya kwanza. Moja ikidondoka, kiatu kitageuka lakini kliti itabaki imenaswa, na kisigino hakitakusaidia. Hapo punguza mwendo kwa breki, shika nguzo au ukuta, fungua mikanda ya kiatu, toa mguu na ukiache kiatu kikining'inia kwenye pedeli.