Bima ya gari Tanzania na Kenya: nilichokiona kutoka Dodoma hadi Kitengela

Ukiwa na gari dogo la kutembelea hapa Dodoma, usipoteze siku kuhama kampuni hadi kampuni ukitafuta bima ya bei rahisi. Bei itakuwa ileile. Bima ndogo, ile inayomlinda mtu mwingine utakayemsababishia madhara, ni shilingi 100,000, na ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 118,000. Bima kubwa, ile inayolinda na gari lako mwenyewe, ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, VAT juu yake. Hivyo ndivyo viwango vya chini kabisa vinavyosimamiwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na wakala anayekuahidi kukufanyia chini ya hapo muogope. Nguvu zako ziweke kwenye swali jingine: siku ya ajali kampuni italipa vipi?

Nasema hivi baada ya kulinganisha na Kenya. Dada yangu ameolewa huko, anaishi Kitengela, na yeye na shemeji wana Toyota Wish ya mwaka mmoja na yangu. Bima zetu zilipokaribia kwisha karibu kwa pamoja, tulikubaliana kila mtu aulizie bei za upande wake kwa gari la thamani moja. Tukaweka milioni 15 za kwetu, ambazo ukikadiria shilingi 20 za Tanzania kwa moja ya Kenya ni kama 750,000 zao.

Hesabu yangu ilikwisha haraka. Asilimia 3.5 ya milioni 15 ni 525,000. VAT ni 94,500. Jumla 619,500. Kila niliyemuuliza alitaja namba hiyohiyo, wengine hata kabla sijamaliza kusema ni gari gani.

Kwa dada mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kenya bima haitozwi VAT. Juu ya bei yenyewe kuna tozo ndogo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa asilimia 0.25 kwa mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikifilisika, na stempu ya shilingi 40, basi. Nilipoyasikia hayo nikaamini Wakenya wanapata unafuu mkubwa kuliko sisi. Ila asilimia ya kuanzia ndiyo inayobadilisha hesabu. Bei nzuri kuliko zote aliyoipata ilikuwa asilimia 5, yaani shilingi 37,500, na tozo zikiingia inapita kidogo 37,700. Kwa pesa yetu ni kama 754,000. Kampuni nyingine ilimtajia asilimia 6. Na hapo bado hajaongeza kinga ya vurugu za kisiasa na ugaidi, wala ile nyongeza inayofuta kiasi ambacho mwenye gari angechangia mwenyewe kwenye matengenezo. Zote hizo zinauzwa pembeni.

Mimi nilidhani basi Tanzania ndiyo nafuu, mjadala umefungwa. Shemeji akaniambia nisubiri. Rafiki yake kazini ana gari la milioni 3 za Kenya, na alipewa asilimia 3. Hiyo ni 90,000, sawa na 1,800,000 zetu. Gari la thamani hiyo hapa Dodoma, milioni 60, kwa asilimia 3.5 ni 2,100,000, na VAT inaisukuma mpaka 2,478,000. Kwa hiyo kule asilimia inashuka kadiri gari linavyokuwa la thamani, na hapa mwenye Wish na mwenye Prado wanaanzia asilimia ileile. Kwangu mimi na majirani zangu wa Nzuguni, ambao magari yetu ni ya milioni kumi na kitu, utaratibu wa Tanzania unatufaa zaidi, na natamani usiguswe. Kitu ambacho ningependa kiguswe ni VAT. Ukiiondoa, bima yangu ingebaki 525,000, na naamini wengi wanaobaki na bima ndogo kwa shingo upande wangehamia kubwa.

Bima ndogo za pande mbili hazipishani sana. Dada alitajiwa 7,500 kwa mwaka, kama 150,000 zetu. Faida ya kwao ni kwamba anaweza kununua ya mwezi mmoja, na hilo ni msaada wa kweli kwa mtu ambaye gari linakaa nyumbani mpaka mwisho wa mwezi. Sheria zote mbili zinakulazimisha kuwa na bima kwa ajili ya kifo au majeraha ya mtu mwingine, na ya Kenya inataja kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Gari lako mwenyewe halimo. Likiungua, likiibwa, likipinduka Kongwa usiku, bima ndogo haina habari nalo.

Kuhusu masharti, kule wanadai zaidi. Dada alitoa nakala ya kadi ya gari, kitambulisho, namba ya mlipakodi ya KRA, kisha gari likapelekwa kwa mthamini ndipo thamani ikathibitishwa. Mimi nilitoa kadi ya gari na namba zangu, wakala akapiga picha gari pande zote pale nje ya ofisi yake, tukamaliza. Pande zote mbili stika za kubandika kioo cha mbele zimeshapisha vyeti vya kidijitali. Hapa unaingia TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, kwa simu, unaandika namba ya gari, unaona kama bima ni hai na inaisha lini. Fanya hivyo ukiwa bado mbele ya wakala, kabla hujaondoka.

Dada ana wasiwasi mmoja ambao sisi hatuna. Mwaka 2024 muswada wa fedha wa Kenya ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ilipwe wakati wa kukata bima. Kwa Wish yao ingekuwa 18,750 juu ya bima. Muswada uliondolewa baada ya maandamano ya vijana, lakini anasema kila bajeti ikikaribia anasikiliza redio kwa makini. Sisi tulifutiwa ada ya kila mwaka ya leseni ya gari 2017, ikahamia kwenye mafuta.

Sasa madai, na hapa ndipo ninapotaka kueleza kwa kirefu. Siku moja jioni, karibu na kipilefti cha Emaus, pikipiki iliingia ubavuni mwa gari langu. Mwendeshaji alinyanyuka mzima, namshukuru Mungu. Mlango wa nyuma uliharibika na kioo kikavunjika. Trafiki alipoandika namba ya pikipiki kwenye mfumo, bima yake ilikuwa imekwisha kitambo. Kijana yule hakuwa na kitu cha kunilipa, na ukimtazama ulijua. Hapo ndipo bima kubwa inapojieleza. Ya lazima inamlinda mwenzako dhidi yako, lakini wewe dhidi ya asiyekata bima unajilinda mwenyewe.

Kampuni niliyokuwa nayo wakati huo, ambayo siitaji, ilinipokea vizuri. Nilipeleka ripoti ya polisi, leseni, kadi ya gari na makadirio ya gereji. Baada ya hapo kila nikiuliza naambiwa kuna karatasi moja haipo. Leo ni picha, kesho ni barua ya gereji yenye muhuri, keshokutwa mkaguzi wao hajatoka Dar es Salaam. Kampuni inatakiwa kulipa ndani ya siku 45, lakini siku hizo zinahesabiwa tangu nyaraka zote ziwe zimekamilika, na maadamu wao ndio wanaosema zimekamilika au la, hazikuwa zikianza. Mwishowe niliandika barua, nikaorodhesha kila nilichopeleka na tarehe yake, nikaomba wanijibu kwa maandishi ni nini kimebaki. Nakala niliipeleka TIRA, ambao makao yao makuu yako hapahapa Dodoma. Malipo yalitoka. Ningekwama ningekwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye yupo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya 2009 na kazi yake ni kusikiliza mtu kama mimi bila kuhitaji wakili.

Ndiyo maana mwaka uliofuata, bei ikiwa ileile kila mahali, nilichagua kampuni kwa maswali. Mkaguzi wenu yuko Dodoma au anatoka Dar? Gereji zenu hapa mjini ni zipi? Kiasi cha mwanzo ninachobeba mwenyewe ni kipi? Hilo la mwisho lilinishangaza: moja ilisema asilimia 10 ya kila madai, nyingine ikataja kiasi kisichobadilika na kidogo zaidi, na ada ya bima ni sawa kabisa. Nilihamia hiyo ya pili na ninaridhika nayo. Niliangalia pia wasiniandikie thamani ya chini ili nilipe kidogo. Gari la milioni 15 ukilikatia bima ya milioni 10, siku ya hasara watakulipa kwa uwiano huo, hata kwa mlango mmoja.

Kwa anayevuka mpaka kuna jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi mpaka uulize. Barabara ya kutoka hapa kupitia Kondoa na Babati ni lami tupu tangu 2018, unaamka Dodoma na kulala Kitengela bila shida. Ila bima ya Tanzania inaishia Namanga. Ukivuka unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), mpango ambao Tanzania imebaki ndani yake ingawa ilijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000. Kadi hiyo inakubalika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi na nchi nyingine kadhaa, na inalipia madhara kwa watu wengine kwa sheria za nchi uliyopo, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Gari lako hailigusi. Hata kama una bima kubwa na Kadi ya Njano mkononi, ukigonga ukuta Athi River unaweza kujikuta unajitengenezea mwenyewe, ikiwa bima kubwa imeandikwa eneo la Tanzania tu. Mimi huomba kampuni iongeze eneo hilo kwa tarehe za safari, nalipa nyongeza yake, na nataka karatasi yenye jina la nchi ninayokwenda. Bila karatasi hiyo gari nabakisha Arusha kwa ndugu, napanda basi.