Bima ya gari kwa dereva aliyewahi kufungiwa leseni: ipi inunuliwe kwanza Unguja na Pemba

Dereva aliyehukumiwa kwa kuendesha kwa hatari, kwa ulevi au kwa kumgonga mtu na kukimbia, anaporudi barabarani huanza kuulizia bei ya bima, ilhali la kuulizia kwanza ni leseni. Sharti la kuwa dereva awe na leseni hai, ya daraja linalolingana na gari analoliendesha, limo katika karibu kila mkataba wa bima ya gari. Anayelipa ada huku leseni yake bado imefungiwa amenunua stika ya kuonesha trafiki, basi. Siku ya ajali, kampuni ina sababu ya kukataa hasara yake.

Wanaosoma ushauri wa Marekani hukutana na hati iitwayo SR-22, ambayo majimbo mengi ya huko humtaka dereva mwenye kosa kubwa aiwasilishe kupitia kampuni yake ya bima, mara nyingi kwa miaka 3, kuthibitisha kwamba ana bima. Kwetu hati hiyo haipo, na hakuna haja ya kuitafuta Darajani wala Chake Chake. Jambo zito kwetu ni fomu ya maombi ya bima, ambayo huuliza iwapo mwombaji amewahi kuhukumiwa kwa kosa la barabarani, kupata ajali, au kukataliwa na kampuni nyingine.

Mdogo wangu aliporudishiwa leseni, nilimsindikiza kwa wakala mmoja mjini. Wakala aliijaza fomu akiwa ameiweka juu ya boneti ya gari, akatia alama ya "Hapana" katika kila swali bila kuuliza neno, kisha akamnyooshea kalamu: "Saini hapa tu, sheikh, hayo hakuna anayeyasoma." Kweli hakuna anayeyasoma siku ya kulipa ada. Husomwa siku ya kudai fidia, na jibu la uongo katika fomu huipa kampuni haki ya kuuvunja mkataba. Mdogo wangu aliomba fomu mpya, akaandika "Ndiyo", mwaka wa hukumu na adhabu aliyoimaliza, na akaipiga picha kabla ya kuirudisha. Ada ilipanda, naye akailipa huku akinung'unika.

Kwa mtu wa namna hiyo, chaguo ninaloliweka mbele ni bima kubwa, ile inayolipa hasara ya gari lako pamoja na ya mtu mwingine, iliyokatwa kwa jina lake mwenyewe, na kosa lake likiwa limeandikwa katika fomu. Kiwango cha chini kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la shilingi milioni 12 huanzia shilingi 420,000 kabla ya kodi. Dereva safi hujadiliana karibu na kiwango hicho; mwenye doa huombwa zaidi, kwa kuwa kiwango cha chini ni sakafu tu. Akiombwa asilimia 5, atalipa 600,000, yaani 180,000 zaidi kwa mwaka. Pengo hilo linaweza kupunguzwa kwa kukubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya kila hasara, au kwa kukubali kwamba gari litaendeshwa na watu waliotajwa kwa majina tu. Mimi ningeanza na hilo la kwanza, kwa sababu la pili husahaulika haraka siku shemeji anapoazima gari kwenda harusini Makunduchi.

Ikiwa gari ni la zamani na thamani yake imeshuka, bima kubwa haina maana sana, na hapo chaguo la pili ni bima ndogo pamoja na akiba ya matengenezo inayowekwa kila mwezi. Bima ndogo ndiyo ya lazima kisheria, na uzuri wake kwa dereva mwenye kosa ni kwamba bei yake hufuata zaidi aina ya gari na matumizi yake kuliko historia ya dereva. Inalipa madhara aliyoyapata mtu mwingine. Bampa yako mwenyewe hailipi hata senti. Uliza ukomo wa fidia kwa mali ya mtu mwingine, na uandikiwe. Tena, ikiwa gari linabeba abiria au mizigo ya watu kwa malipo, lisikatiwe bima ya matumizi binafsi kwa sababu tu ni nafuu.

Bima ndogo iliyoongezewa moto na wizi naiweka ya tatu. Kisiwani gari zima haliibiwi kwa wepesi, kwani halina pa kupelekwa ila kupitia bandarini, na hasara ya dereva aliyewahi kukosea barabarani hutarajiwa zaidi kutoka kwenye mgongano.

La mwisho kabisa, ambalo silipendekezi kwa mtu yeyote, ni kukata bima kwa jina la ndugu mwenye rekodi safi huku mwendeshaji wa kila siku akiwa mwingine. Ni uongo uleule wa fomu, isipokuwa sasa wameingia wawili.

Kuhusu mahali pa kununua, Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC, lililoanzishwa mwaka 1969, lina ofisi Unguja na Pemba, na lina takaful kwa wanaotaka bima inayofuata misingi ya Kiislamu. Zipo pia kampuni za Tanzania Bara zenye matawi Unguja. Chukua bei kutoka sehemu tatu, kila moja ikiwa imeelezwa kosa lilelile kwa maneno yaleyale, la sivyo unalinganisha maembe na mafenesi. Ukishalipa, hakiki stika kwa namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, kabla hujaondoka dukani kwa wakala, maana bima isiyolipiwa haianzi kufanya kazi, na ada iliyobaki mfukoni mwa wakala haijaifikia kampuni.

Mwezi mmoja kabla ya mwaka kuisha, iandikie kampuni uombe barua inayoonesha kwamba hukudai fidia yoyote katika kipindi hicho. Barua hiyo ndiyo ya kuomba nayo punguzo, na ikiwa kampuni ya kwanza haitaki kushusha ada, ipeleke kwa ya pili pamoja na ile picha ya fomu.