Mshauri wa kawaida au mtaalamu wa eneo hili?
Mtu anayeogopa mawazo yake ya kingono kuhusu watoto na hataki kabisa kumgusa mtoto, kwa Marekani njia ni mbili. Mshauri wa kawaida yuko karibu na pengine bima inalipa, ila wengi hili swala hawajalisomea, ukilitaja tu unaona sura imebadilika, kalamu imesimama. Mtaalamu, hasa mwanachama wa ATSA (chama cha wanaotibu na kuzuia unyanyasaji wa kingono), ni adimu na bei mara nyingi imechangamka, lakini anajua kupima hatari na kupanga na wewe namna ya kukaa mbali na watoto. Mimi naenda na huyu, hata kwa video. Leseni ya jimbo muulize bado (uanachama sio leseni jamani), na kabla hujafunguka muulize sheria inamlazimisha kuripoti nini. Hujui pa kuanzia? Piga Stop It Now, simu ya msaada ya kuzuia unyanyasaji wa watoto kingono, hulazimiki kutaja jina. Mtoto akishaguswa lakini, kwa kawaida sheria inamlazimisha mshauri kuripoti.